Sura ya Tisa: Watu Sita, Mishindo Ishirini

Mshukiwa anayekana humpa mpelelezi kazi. Anayekubali upesi humpa wasiwasi. Inspekta Seline Adongo alikuwa na miaka kumi na mmoja katika upelelezi, lakini hakuwahi kumwona mtu akikubali kosa la kuua watoto kama mtu anayekubali kuongezwa chai.

"Nilisema," Simeon Lagat alijibu.

"Ulisema watoto waanze?"

"Nilisema hao watoto kwanza. Ndiyo."

"Na ukasema panga?"

"Nilisema."

Ilikuwa saa nne asubuhi, Machi 2011. Simeon alikuwa dereva wa lori, mkazi wa Sugoi, mtu wa miaka hamsini na miwili mwenye mikono mipana aliyoilaza juu ya magoti kana kwamba ni ya mtu mwingine. Alikuwa amekamatwa asubuhi ile ile kwenye stoo moja ya nafaka mjini Eldoret. Kesho yake saa tatu angesimama mbele ya hakimu kujibu mashtaka ya kuua watu sita, na kwa jinsi alivyokuwa akijibu, asingehitaji hata wakili.

"Nani alikuwa nayo?" Adongo aliuliza.

"Nani alikuwa na nini?"

"Na hiyo panga, Simeon."

Mzee aliinua uso. Alimtazama Adongo, akamtazama Koplo Javan Okumu aliyekuwa akiandika pembeni, akarudi kwa Adongo.

"Pale hakukuwa na mtu na panga. Wale vijana walikuwa wameenda."

Javan aligonga meza kwa kiganja. "Mzee, wacha mchezo! Sasa hivi umesema ulisema panga!"

"Nilisema."

"Na panga haikuwa?"

"Haikuwa."

Baada ya hapo hakufungua tena kinywa. Wakamrudisha seli.

"Ameanza kujifanya wazimu," Javan alisema. "Ulimi hauna mfupa, Madam. Lakini statement iko, na mwenyewe amekubali."

Taarifa ilikuwepo kweli, na aliyeiandika ni Javan mwenyewe, Februari 2008, alipokuwa konstebo mchanga. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu wa Kiingereza. Taarifa zote kituoni ziliandikwa hivyo: shahidi anasema kwa Kiswahili, askari anageuza palepale huku akiandika, shahidi anatia sahihi. Ndivyo kazi ilivyofanywa tangu zamani, na hakuna aliyeona ubaya wake.

Adongo aliisoma tena. Tarehe mbili Januari mwaka huo, katika ghasia za baada ya uchaguzi, vijana walivamia adhuhuri ploti iliyokuwa nyuma ya duka la Gerishon, karibu na Moiben. Waliwafungia watu sita katika chumba kimoja, wakatia kufuli nje, wakaenda kutafuta petroli. Mke wa Gerishon, Virginia Nduta, alikuwa ameingia kwenye ghala la mahindi kuchota ya chakula walipofika, akajizika huko huko ndani. Hakuona kitu, ila alisikia. Alisikia lori likisimama, kufuli likivunjwa, kisha sauti ya mwanamume mzima ikiitisha panga na kuamuru watoto wauawe kwanza. Lori lilipoondoka, Virginia alitoroka kupitia shamba lililokwisha kuvunwa. Vijana waliporudi, walichoma kila kitu, ghala na vyote.

Watoto walikuwa wawili, na wote wake. Nyokabi alikuwa na miaka minane, Wangari mitatu. Gerishon, aliyekuwa mjini siku hiyo kununua bidhaa za duka, alikufa kwa presha mwaka uliofuata. Jivu la ploti halikuchunguzwa na mtu yeyote, na Adongo aliona aibu alipogundua hilo, kwa sababu faili ilikuwa imepita mezani kwake pia.

Ushahidi mwingine haukumsaidia Simeon hata kidogo. Mchuuzi mmoja wa maziwa alikuwa ameandikisha mwaka huo huo kwamba alasiri ya tarehe mbili aliona lori la buluu limesimama kwenye kizuizi cha vijana, na dereva wake ameketi nao akila nyama na kucheka. Lori la Simeon lilikuwa la buluu. Na asubuhi ile, walipolipekua, Javan alipata chini ya kiti cha dereva kifurushi cha gazeti. Ndani yake mlikuwa na kiatu kimoja cha plastiki, sandak, chekundu, cha mtoto.

"Miaka mitatu amekibeba," Javan alisema, na safari hii sauti yake haikuwa na utani. "Mtu wa aina gani huweka kitu kama hiki?"

Simu ya mshukiwa nayo ilikuwa mezani kama kielelezo. Kila mwisho wa mwezi Simeon alipiga namba moja iliyohifadhiwa kwa jina Mwl Tryphosa. Javan alikwisha kuamua kuwa huyo ni mpango wa kando.

Adongo alichukua koti lake. Kulikuwa na kitu kidogo kilichomkera kama punje ya mchanga ndani ya sukumawiki. Muuaji anayekubali neno na kukana silaha, tena bila kujitetea, alikuwa hajawahi kumwona.

* * *

Virginia alikuwa amefikia kwa binamu yake, mtaa wa West Indies. Alikuwa amerudi Eldoret kwa mara ya kwanza tangu vita, kufuata karatasi za ploti, na asubuhi hiyo alikuwa akipita mbele ya stoo ya nafaka sauti aliyoisikia akiwa ghalani ilipomwangusha chini getini, akaita polisi. Adongo alimkuta ameketi sebuleni akiwa bado na vumbi kwenye sketi.

"Pole, mama. Sitaki kukuchosha. Lakini kesho ni korti, na kuna mahali sielewi."

"Uliza tu, Madam. Mimi nimesema hii maneno mara mingi mpaka imekauka."

"Leo usiniambie maana yake. Niambie sauti peke yake, moja baada ya nyingine, vile zilikuja."

Virginia alifunga macho.

"Lori ilisimama. Kufuli ikapigwa na chuma, ikalia kama kengele. Watoto wakalia. Huyo mtu akasema, 'Nyamazeni.' Wakanyamaza."

"Halafu?"

"Halafu mishindo. Pu! Pu! Kitu mzito inaanguka chini."

"Mara ngapi?"

"Nilikuwa nahesabu ndio nisipige nduru. Nilifika ishirini, nikaacha."

Biro ya Adongo ilisimama. Katika chumba kile mlikuwa na watu sita, na wawili walikuwa watoto wadogo.

"Hiyo mishindo ilikuja kabla aseme yale maneno, ama baada?"

"Kabla. Ikaisha, ndio akasema."

"Kabla?"

"Nimesema kabla, Madam."

Basi kabla amri ya kuua haijatolewa, vitu ishirini vizito vilikuwa vimekwisha anguka. Taarifa ya Kiingereza ilikuwa imetaja mishindo kwa neno moja tu, na haikusema ilikuja lini.

"Sasa niambie maneno yake. Si ile ya kwa karatasi. Kwa Kiswahili, vile wewe ulisikia."

Virginia alimeza mate. Alipoyatoa maneno hayo, sauti yake ilishuka ikawa nzito, ya mtu mwingine.

"'Panga. Panga hao watoto kwanza.'"

Binamu yake, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, alirudi jikoni bila kuiweka.

"Leo asubuhi pale stoo. Kabla umwone uso, ulisikia akisema nini?"

"Hiyo hiyo. Panga."

"Alikuwa anaambia nani?"

"Wale vijana wa magunia. Walikuwa wanapakia lori, na yeye amesimama huko juu anawaambia..."

Hakumaliza. Mdomo wake ulibaki wazi. Adongo aliona rangi ikimtoka usoni. Hakutarajia kulisikia jambo hilo kutoka kinywani mwa mama huyo.

Kiswahili kina maneno mengi, lakini hili moja tumelipa kazi mbili. Ni chuma cha kukatia, na ni kuweka vitu pahali pake, kimoja baada ya kingine, kama magunia kwenye lori. Kwa Kiingereza maneno hayo ni mawili na hayafanani hata kidogo. Javan alitakiwa kuchagua moja, akachagua. Februari 2008, Eldoret, nani angechagua lile jingine?

Virginia aliushika mkono wa Adongo kwa nguvu hadi kucha zikaingia.

"Madam, usinifanyie hivyo."

"Bado sijui kitu, mama."

"Mimi nilizika watoto wangu kwa roho. Ilinichukua miaka tatu. Usinifukulie kama huna hakika."

"Ndiyo maana nasema sijui. Kesho saa mbili asubuhi uje kituoni. Nitakuwa na hakika."

Aliondoka bila kunywa chai, na hilo kwa Mjaluo mwenye adabu si jambo dogo.

* * *

Saa kumi jioni Simeon aliletwa tena. Adongo hakufungua faili. Alimwambia Javan aweke kalamu chini.

"Simeon," alisema, "uliwapanga wapi?"

Mabega ya mzee yaliporomoka. Ilikuwa kama mtu ametuliwa mzigo, ila huyu alionekana kuumia zaidi baada ya kutuliwa.

"Kwa lori," alisema. "Ningewapanga wapi kwingine?"

Javan alimgeukia Adongo. "Madam?"

"Nyamaza, Javan. Mzee, ulikuwa umebeba nini?"

"Mahindi. Magunia themanini, natoa kwa shamba napeleka stoo."

"Kwa nini ulisimama?"

"Nilisikia mtoto analia ndani ya nyumba, na kufuli iko nje." Alimwangalia kana kwamba swali lenyewe lilikuwa la kijinga. "Ungefanya aje, wewe?"

"Ulikuwa unawajua?"

"Hata mmoja. Nilikuwa napita tu."

"Endelea."

"Nilivunja kufuli na spana ya gurudumu. Nikapanda juu nikasukuma magunia chini, kama ishirini hivi, nikatengeneza shimo katikati. Kulikuwa na mama mmoja mwalimu, mwenye nguvu. Nikamwambia, panga hao watoto kwanza. Halafu wakubwa wakaingia. Nikaweka mbao juu, magunia tena juu ya mbao, nikafunga turubai. Wale vijana wangerudi wakinipata, mimi ningechomwa wa kwanza. Kwao msaliti ni mbaya kuliko adui."

"Na kizuizi?"

"Zilikuwa mbili. Ya kwanza nilipita. Ya pili walikuwa wamechinja ng'ombe ya watu, wakasema mzee shuka ukule. Nikikataa wangeuliza kwa nini nina haraka. Nikashuka." Alisimama kidogo. "Saa moja ikapita. Ikawa mbili. Jua ilikuwa kali. Walikuwa wananiambia vile wamefanya huko na huko, na mimi nacheka. Nilikuwa nacheka, Madam, na watu wako chini ya magunia yangu wananisikia."

Nje mtu alikuwa akiosha pikipiki na kupiga mluzi.

"Nilifika Showground, kwa wakimbizi," Simeon aliendelea. "Nikafungua. Watano wakatoka."

"Watano," Adongo alisema.

"Yule msichana mkubwa hakutoka. Alikuwa chini kabisa. Alikuwa amebeba mdogo yake juu ya mabega, na pua ya huyo mdogo iko kwa ufa wa mbao, hapo hewa inaingia. Yeye alikuwa ameshakuwa baridi. Ilibidi nifungue vidole yake moja moja ndio nitoe mtoto."

Javan alikuwa amesimama bila kujua. Aliketi tena, akakosa kiti kidogo, akajishika na meza.

"Niliogopa kumtoa mbele ya polisi pale geti," mzee alisema. "Mtoto Mkikuyu amekufa ndani ya lori ya Mkalenjin, siku kama hiyo, nani atasikia mimi? Nilimbeba mpaka kwangu Sugoi. Mke wangu Jelagat alimwosha, akamvisha nguo ya binti yetu, tukamzika hapo kwetu. Kiatu yake moja nilikuja kuipata baadaye katikati ya mbao. Sikujua niipeleke wapi."

"Kwa nini hukusema haya asubuhi?"

"Mliniuliza kama nilisema watoto kwanza. Nilisema. Wa kwanza ndiye huenda chini, Madam. Mtu yeyote wa magunia anajua hiyo. Mimi ndio nilisema apangwe chini." Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakuyapangusa. "Sasa mkiniuliza kama niliua mtoto, mnataka nisemeje?"

Adongo alikuwa amesikia mambo mengi katika chumba kile.

Lakini hadithi nzuri si ushahidi. Alichukua ile simu ya kielelezo, akaandika namba na saa kwenye kitabu, akaiweka kwenye spika.

"Usimwambie chochote," alimwonya Simeon. "Hata salamu."

Simu ililia mara mbili.

"Mzee Simeon! Leo si mwisho wa mwezi, kuna nini?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya kutoka upande wa Mumias, imezoea kupaza darasani.

"Si Simeon, mwalimu. Hapa ni Inspekta Adongo, polisi Eldoret. Hajaumia, yuko hapa. Mwalimu Tryphosa, nina swali moja tu. Siku ile mlipopandishwa lorini Moiben, alikuambia nini?"

"Aliniambia, panga hao watoto kwanza," Tryphosa alisema. "Nikapanga."

Javan aliufunika uso kwa mikono.

"Wale vijana mwanzoni walisema mimi niende zangu, mimi si wa kabila wanatafuta," Tryphosa aliendelea kwa haraka, kama aliyekuwa akisubiri kuulizwa kwa miaka. "Lakini mama yao alikuwa ameniachia watoto aende kuchota mahindi. Ningewaachaje? Nikaingia na wao. Na yule mkubwa ni mimi nilimweka pale, Inspekta, kwa mkono wangu. Mzee anajilaumu bure."

"Na mdogo?"

"Wangari? Yuko hapa anafanya homework, anasumbua. Ni wangu sasa. Mama yake aliungua kwa ghala."

"Hukumtafutia watu wake?"

"Wale wakubwa watatu walitawanyika na mabasi, sikuwaona tena. Nilienda polisi huku kwetu mara mbili! Wakaangalia, wakaniambia watoto wa Gerishon wa Moiben waliuawa na panga, imeandikwa. Wakasema huyu lazima ni mwingine."

Adongo aliuma mdomo mpaka ukauma kweli. Neno moja lililogeuzwa vibaya lilikuwa limemwua mtoto aliye hai, mara mbili, tena kwa mhuri.

"Mwalimu," alisema, "keti chini. Mama yake hakuungua."

* * *

Virginia alifika kabla ya saa mbili. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani.

Adongo alikuwa amejaribu usiku kucha kupanga jinsi ya kumwambia, akashindwa. Mwishowe aliyasema kama yalivyo, akiwa ameketi karibu naye kwenye benchi.

"Mama, hawakukatwa. Hakuna hata mmoja aliyekatwa. Yule mzee alikuwa anawaficha. Mmoja wa watoto wako yuko hai."

"Yupi?"

Alilitoa swali hilo upesi, na mara tu lilipotoka alijiziba mdomo, kama mama aliyekamatwa akipendelea.

"Wangari."

Virginia alipiga yowe fupi la furaha, na lilikatikia katikati, kwa sababu jina moja lilikuwa limesema yote mawili. Adongo alimweleza lililobaki. Alimweleza joto, kizuizi, mabega na ufa. Hakupunguza wala hakupamba. Virginia alisikiliza huku akijibembeza taratibu, mbele na nyuma. Alipoonyeshwa kiatu alikipokea, akakipangusa kwa kidole, akakiweka mapajani.

"Mwendesha mashtaka anasubiri," Adongo alisema kwa upole. "Saa tatu mzee anaitwa. Bila neno lako, hati ya mashtaka ya mauaji itasomwa. Si lazima umsamehe mtu, mama. Nataka tu statement ya vile ulisikia."

"Niandikie."

Javan alivuta karatasi mpya. Macho yake yalikuwa mekundu. Juu kabisa aliandika tarehe, na chini yake akaanza kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aingie kazini. Virginia alisimulia lori, kufuli, mishindo, na lile neno. Javan aliandika kila sauti pahali pake. Ilipofika saa tatu kasorobo alimwonyesha pa kutia sahihi.

Virginia alishika kalamu, lakini hakuandika.

"Kuna ingine," alisema. "Ile mara ya kwanza sikuisema. Niliona haina maana."

"Sema, mama."

"Kabla lori iondoke, huyo mzee alishuka. Nilisikia viatu vyake vikikuja mpaka karibu na ghala. Akaita pole pole, 'Kuna mwingine? Kuna mtu amebaki?' Akanyamaza. Akaita tena. Aliita mara tatu."

Javan alichukua kalamu nyingine, akaandika.

"Mimi nilijua anatafuta wa kumaliza," Virginia alisema. "Nilijiziba mdomo na hii mkono. Nikaomba Mungu asinipate."

Aliutazama mkono huo kwa muda mrefu.

"Na Mungu akanisikia."